Koti la Saba

Nilileta makoti saba yaliyofanana,
kila moja na tundu la risasi begani,
nililolichoma mwenyewe kwa sigara.
Kufika saa nne asubuhi Zviadi ameshachana matatu
kwenye changarawe za barabara ya Gudauri.

Ukungu ukashuka. Ketevani, mwongozaji, akautazama
kama mtu anayedaiwa.
Ukungu ukapanda, wakashuka kondoo,
mia nne, na mchungaji asiye na haraka
anauliza nani kafa, mbona damu nyingi.
"Maji ya komamanga," nikamwambia.
Akaonja. Akaomba chupa.

Mara ya sita gari likagoma kulipuka.
Mara ya saba likalipuka kamera zimelala.

Nilishona kwa vidole nisivyovihisi,
theluji kwenye kope,
Zviadi kifua wazi, meno yanagongana,
ananisimulia bintiye ameota jino.

Jua likabaki upana wa kiganja.
Akaruka.
Hakuna aliyepumua
hadi kule bondeni kidole gumba kiliposimama.

"Safi mno," akasema Ketevani.
Tukapiga makofi, tukakumbatiana, dereva akalia.

Kumbe alisema koti.