Uzito wa Gunia

Bi Kinue alipanga kwetu Newala, chumba cha uani,
miaka miwili akifundisha hesabu kidato cha pili.
Alikuja na kitabu kimoja tu,
maandishi yake yanashuka kutoka juu hadi chini
kama maji ya mvua kwenye kioo.

Umeme ukikatika alitusimulia.
Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota,
marehemu alimwita "mtu aliyekwisha",
na mama, vidole vyeusi kwa mafuta ya korosho,
anabangua, anasikiliza, anamsahihisha.

Mle kitabuni yumo mzee muuza vifungo.
Amekufa. Amefika mahali penye ukungu na benchi,
na kila asubuhi analetewa kifurushi:
kile walichokumbuka jana walio hai juu yake.
Ndicho atakachovaa. Hana kingine.
Siku za mwanzo vifurushi vinajaa benchi.
Baadaye kimoja kwa wiki.
Kisha vinaanza kuja na makosa:
mguu unaochechemea, naye hakuwahi kuchechemea;
wimbo asioujua.
Binti yake amemkumbuka akiwa mrefu,
basi asubuhi ile anaamka mrefu,
anagonga kichwa mlangoni.

Mama alicheka hadi korosho zikamwagika.
"Wafu wa kwao wana taabu," akasema.
"Sisi mtu akifa tunampa mtoto jina lake. Kazi imekwisha."

Bi Kinue aliondoka kabla ya sura ya mwisho.
Mkataba uliisha, gari la Masasi likaja alfajiri.
Kitabu alituachia. Wilaya nzima hakuna wa kukisoma.

Mwaka wa tatu mama akaanza kusahau.
Funguo. Mwezi. Njia ya kwenda kisimani.
Mimi akaniita Nampota, kaka yake aliyezama Ruvuma,
nami nikaitika, ningefanyaje.
Mwisho nilimwita, "Somoe,"
akageuka nyuma kutazama nani anaitwa.

Mimi ni karani wa mizani, ghala la chama cha msingi.
Gunia tupu lina uzito wake, tunautoa kwanza.
Na kidole, ukikiegemeza kidogo tu,
mkulima haoni.

Siku ya arobaini niliegemeza kidole.
Nikasema mbele za watu: hakuwahi kumkasirikia mtu.
Nikasema: maisha yake yote hakuonja uraka.
Watu wakaitikia, wakala pilau.

Usiku ule sikulala.
Nilimwona kwenye benchi, katika ukungu
kama unaopanda kutoka Shimo la Mungu mwezi wa sita,
amevalishwa upole usio saizi yake,
unambana kwapani,
anatafuta kifungo, hakipo.

Mama, nipe gunia, nipime upya.

Chukua mwiko ulionipiga nao kwa mia tano iliyopotea,
ikaonekana kwenye pindo la khanga yako,
ukanyamaza.
Chukua dumu la njano nyuma ya mtungi,
mabibo yamechacha,
na kicheko chako baada ya magharibi.
Chukua ming'oko uliyomnyima shangazi Asumini,
ukafunika sufuria kwa ungo,
ukamwuliza habari za watoto.
Kikohozi cha salfa, hicho ni chako kweli.
Na jinsi ulivyotamka "Japani"
kama jina la mtu unayemdai.

Kilo ngapi hizo sijui. Sijaegemeza kitu.

Binti yangu ana miezi mitano. Tumempa jina lako.
Majirani wanasema, basi, bibi karudi.
Leo amekunja uso,
akalisukuma titi la mama yake,
akapiga yowe, ngumi mbili hewani.
Mke wangu akasema mchukue, mbembeleze.
Sikumbembeleza upesi.
Nilitaka kusikia vizuri
kiasi gani ni chake.