Santuri Tatu za Mwanzo

Usiniletee zile za baadaye,
za koti jeupe na kinanda cha umeme,
sauti imepigwa pasi hata haina mkunjo.
Mimi nataka hizi tatu, nyuso sita,
za mwaka Chembe Ngonyo alipokuwa bado
karani wa kuhesabu magunia Kilindini,
na bendi nzima ikivaa viatu vya kuazimana.

Zilirekodiwa usiku mmoja
ghorofani, juu ya duka la leso, Mtaa wa Biashara.
Magodoro yameegemezwa ukutani,
panka imezimwa isivume,
tarumbeta nne zimegeuzwa zitazame kona
kama watoto waliokosa chuoni.
Na yeye, fundi Bharmal alimhesabia hatua:
rudi moja. Rudi mbili. Bado wachoma. Rudi.
Hata akaimba akiwa mlangoni,
mguu mmoja ndani, mmoja kwenye ngazi.

Ndiyo maana sauti yaja na ngazi zake.
Sikiza yapanda.
Saksafoni zamngoja, yeye hana haraka,
achelewa nusu pigo
kama mgeni wa harusi ajuaye
kuwa pilau haipakuliwi bila yeye.

Wajuzi husema hiyo ndiyo sanaa yake.
Baba, aliyepuliza tarumbeta ya tatu,
alisema ni viatu. Vilimbana.
Kila pigo lilikuwa kidonda, akawa aliahirisha.
Mwezi uliofuata, kwenye dansi la Tononoka,
vijana wa Majengo walichechemea ukumbi mzima
wakidhani ni mtindo,
na yeye, jukwaani, hakuwaambia neno.
Alitabasamu tu, wakazidi.

Santuri ya pili, upande wa pili.
Huu ndio bibi yangu aliufunikia mtungi
miaka kumi na mmoja.
Sindano ikifika palipokaa unyevu
sauti huzama kama kata,
kisha huibuka imejaa.
Anaimba yule asemaye atampa mpenziwe
bahari, na kisiwa, na taa zake zote,
halafu kimya kidogo kabla ya tarumbeta,
na hapo, karibu naye kuliko bendi,
mwanamke anacheka.

Baba alisema: ni mama yako.
Alikuja kudai. Alikuwa ameshona mashati ya bendi,
akapanda ngazi usiku ule na daftari kwapani,
akamkuta mdaiwa mlangoni, macho yamefumbwa,
akigawa bahari.
Chembe hakukata wimbo.
Alitia mkono mfukoni, akautoa mfuko nje,
ukaning'inia kama ulimi wa mbuzi.
Bharmal alitaka warudie,
lakini utepe ulikuwa umekwisha, na alfajiri imeingia.

Mama alikana mpaka mwisho.
"Mimi? Nicheke na mtu ninayemdai?"
Akitamka hivyo aligeukia cherehani
na kukanyaga kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Daftari ninalo mimi sasa.
Kurasa zote zimepigwa mstari, kalipwa, kalipwa,
hata Mhindi wa barafu, hata imamu.
Ila mstari mmoja:
Ngonyo, mashati tisa, shilingi arubaini na tano.
Na chini yake, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyerudi baadaye akakumbuka,
*na vifungo.*