Konyeza Halali

Karatasi niliyobandika mlangoni inasema
KONYEZA HALALI?
na Bi Riziki, anayetukodisha vyumba vya nyuma hapa Wete,
aliisoma, akavuta kanga, akaniuliza kwa sauti ndogo:
"Kwani mnataka kumla?"

Nikacheka hadi maji ya beseni yakatikisika.
Lugha hii! Neno moja, fatwa mbili.
Hapana, Bi Riziki. Nauliza kama analala.

Watano tuliwachota Kiuyu, kwenye tope la mikoko,
mimi na Shaame, suruali zimekunjwa mapajani.
Wanaishi chali hawa, kofia chini, mikono juu,
kama waliokatizwa katikati ya dua.
Ndani ya nyama yao mwani usioonekana
unapika jua, na mwenye nyumba anakula.
Hawana damu. Hawana moyo. Ubongo, hata tone.
Wana kupwita tu: fumba, fumbua, fumba.
Aliyewapa jina aliona vyema:
hana jicho la maana, na bado anakukonyeza.
Mkono wangu wa kulia unawasha hadi leo.

Saa mbili usiku nazima taa, nawasha kurunzi nyekundu.
Nahesabu.
Mchana, hamsini na sita kwa dakika.
Usiku wa manane, arobaini na moja.
Shaame anasema ni baridi. Tumepima: si baridi.
Anasema ni njaa. Tumewalisha: si njaa.
Basi nainua taratibu wavu alioulalia,
kisha naushusha ghafla, namwacha hana sakafu.
Mchana angerudi chini papo hapo.
Sasa anaelea, moja, mbili, tatu, nne, tano,
kama mtu aliyeitwa kutoka mbali
anayejiuliza sauti imetoka upande upi wa ndoto.

Wiki ya tatu ilikuwa ya ukatili.
Kila dakika ishirini, usiku kucha,
nawapigia maji kwa bomba la sindano
wasipate. Na mimi nisipate.
Kesho yake, jua la saa sita, wanapwita kivivu:
wanadaiwa, nao wanalipa.
Niliandika daftarini "deni",
nikakata, nikaandika "upungufu wa shughuli",
maana msimamizi wangu hapendi mashairi.

Chumba cha pili amelala mama.
Tangu kiharusi cha Mfunguo Nne hanijui.
Ananiita Mwanaisha, dada yake aliyekwishazikwa.
Kijiko anakiita "lile". Bahari anaiita "lile".
Daktari kule Chake aliinua picha kwenye mwanga,
akagusa doa jeusi kwa ncha ya kalamu:
"Hapa pamekwenda."
Pamekwenda wapi, sikuuliza.

Lakini saa nne ikigonga analala.
Hakuna aliyemfundisha upya.
Kifua kinapanda, kinashuka,
na mimi, na kurunzi yangu nyekundu, mlangoni,
najikuta nahesabu na yeye.
Kumi na nne kwa dakika.

Nilidhani usingizi ni kazi ya kichwa,
mwenye duka akichoka anashusha mlango.
Kumbe giza la dukani lilikuwapo
kabla hajazaliwa mwenye duka.
Kabla ya jina, kabla ya kijiko,
kabla hajawapo wa kusahau chochote,
kitu laini kilikuwa tayari kimelala majini
na kikaamka.

Simwambii Shaame. Ataniuliza: sampuli ngapi?
Konyeza watano. Mama mmoja.

Asubuhi Bi Riziki kaja na mikate ya ajemi,
kasimama mbele ya karatasi, mkono kiunoni.
"Enhe, mmepata jibu?"
"Analala, Bi Riziki."
"Alhamdulillahi. Na weye?"

Daftari lina safu saba. Hiyo haimo.
Nimetia ndoo garini, maji yanaingia Kiuyu saa tano;
Shaame anapiga honi, na karatasi
nimeibandua nusu, gundi imegoma,
mlango umebaki na neno moja tu.