Zouhar na Mwanawe

Bohdana aliikuta akichimba shimo la viazi:
kijani kibichi, tope hadi shingoni,
kizibo cha kauri kikining'inia kwenye waya
kama jino la mtoto linalogoma kung'oka.

Maandishi yamevimba kwenye kioo: ZOUHAR A SYN.
Zouhar na Mwanawe.
Ila N imepinduka, inatazama ilikotoka.

Fundi wa kalibu hakujua kusoma, husema watu wa Lhotice.
Chupa elfu nne! Mzee Ctibor akalipa nusu bei,
akazijaza zote.
"Mwenye kiu hasomi," akasema, akacheka peke yake.

Mwana ndiye Hynek, mwenye kuamka saa tisa usiku
kuwasha tanuri, kutafuna punje ya kimea
na kuitema: bado.

Vita vya kwanza vilimchukua Hynek.
Mwenye kiwanda cha vioo akaleta kalibu mpya,
N imenyooka, bure, kwa ajili ya msiba.
Mzee akaipapasa, akairudisha.
"Iacheni hivyo hivyo," akasema.
"Inaangalia nyumbani."

Vita vya pili vikachukua masufuria ya shaba.
Kisha serikali ikachukua kilichosalia,
yaani ufunguo.

Leo pale hutengenezwa matrekta.
Mvua ikinyesha, ukuta wa kaskazini hunuka hamira,
au ndivyo wadaivyo waliowahi kunywa.

Bohdana hanywi. Ameiosha kwa majivu,
ameitia mafuta ya alizeti, ameiweka karibu na jiko.
Haivuji.