Uniti Sifuri

Kazi yangu kusoma mita.
Isevya hadi Ng'ambo, ua kwa ua,
nafuta vumbi la kioo kwa kidole,
naandika tarakimu, natoka.
Maji ni mmbeya: huniambia
nani ana wageni, nani kajifungua,
nani kahama usiku na deni lake.

Machi, kwa Bi Nyanzobe:
mia nne na kumi na saba.
Aprili, mia nne na kumi na saba.
Nikaandika "uniti sifuri",
nikaenda nyumba ya pili, yenye mbwa.

Mei, namba ile ile.
Buibui kafuma mdomoni mwa bomba.
Nikajisemea, kasafiri, labda yuko Sikonge.
Ndipo ukuta ukakohoa.

Kufuli lilikuwa nje.
Sauti ilikuwa ndani.

"Shikamoo, bibi. Umekula?"
"Nimekula, baba."
"Umekula nini?"
Akakaa kimya, kama apapasaye funguo gizani.
"Sizya ataleta."

Sizya, mwana wa mdogo wake,
mwenye pikipiki nyekundu,
afikaye siku ya pensheni, kadi mfukoni,
akawanunulia vijana soda, akasema,
"Mama mkubwa? Yupo, anapumzika."
Nasi tukaitikia.
Mapumziko ya mwenzio hayakukoseshi usingizi.

Harufu ilinipokea dirishani.
Kisha macho yakazoea:
ugali uliopasuka kama mbuga ya Septemba,
dumu limelala ubavu,
khanga imegandana na godoro,
na kucha, jamani, kucha
zimejikunja kurudi nyamani.

Nilitaka kuvunja mlango.
Nilipitisha chupa yangu ya maji kwenye nondo,
nikamwacha Mama Wande amsemeshe,
nikakimbia kwa mwenyekiti.
"Hayo ni ya ukoo," akasema.
"Basi andika. Andika kwamba nimekuambia,
na saa uiandike."
Akaivua miwani. Akaitafuta simu.

Afisa ustawi alikuwa binti mfupi, Kabula.
Kufuli lilipokatwa alipiga magoti kwenye ule uchafu,
akamuuliza yeye, si sisi:
"Bibi, tuanze na nini?"
Tulidhani atasema uji. Au dawa.
Au huyo Sizya afungwe.
"Niogeshwe," akasema.
"Na wanaume watoke."

Nikatoka, nikachuchumaa penye mita.
Bomba likatema kutu, likatema buibui,
kigurudumu kikaanza kuzunguka,
nami nikashindwa kukisoma.

Sasa yuko Kitete. Anagombana na wauguzi
juu ya mboga isiyo na chumvi.
Kesi inapigwa tarehe.
Mtaani wapo wasionisalimu:
mtu wa maji, eti, kageuka polisi.

Wacha waseme.
Mimi linalonitesa ni daftari la Aprili.
Sifuri yangu ipo pale,
duara safi, wino haukuvuja,
mwandiko wa mtu asiye na haraka
aliyesimama hatua nane kutoka mlangoni.