Gofu

Mama mkwe alisikia "gofu" akacheka:
"Magofu si hayo hapo Mikindani, kuta na popo wake,
bure, kwa miguu?
Mpaka mpande ndege?"

Dadi hakucheka. Dadi ana mfuko
alioushika kwa mhandisi wa gesi, yule wa chumba cha uani,
aliyeondoka usiku akidaiwa kodi ya miezi mitatu:
fimbo kumi na moja, mipira ishirini, glavu moja ya kushoto.
Kodi yangu hiyo, nilisema. Kodi yetu, akasema,
akaupangusa mfuko kama anayeogesha mtoto.

Tangu hapo kila alfajiri yuko uwanja wa shule, Chuno,
anachapa mpira juu ya vichwa vya mbuzi.
Watoto wanamwokotea, mia mia.
Ghalani wanamwita Mheshimiwa Kijiti.

Mwaka huu mnada wa korosho umetupenda.
Malipo ya kwanza yameingia; ya pili, wanasema, wiki tatu.
Na jana usiku, sahani hazijatolewa,
ugali wa muhogo unakauka vidoleni,
Dadi kaweka karatasi mbili mkekani:
"Somoe. Dubai, au Abudhabi?"

Nikauliza tofauti.
Akasema Dubai viwanja vingi, taa mpaka usiku,
unalenga shimo la tisa maghorofa yanakutazama.
Abudhabi kumetulia. Bahari iko kando ya nyasi.
Kutoka huku hadi kule, saa moja na nusu kwa gari.
Nyasi? Jangwani?
Wanazinywesha, akasema. Kila siku.
Nikatazama madumu yangu sita mlangoni
yakisubiri zamu ya bomba, Jumanne.
Dadi naye akayatazama,
akavuta karatasi karibu na taa.

Saa moja na nusu kwa gari:
ndiyo Mtwara na Lindi, ukipita Mingoyo bila kununua samaki.
Mimi wa Lindi, yeye wa hapa,
miaka kumi na tisa tunagombea Idi iliwe wapi.
Kwake Lindi ni mji uliolala ukasahau kuamka.
Kwangu Mtwara ni mwari aliyeahidiwa,
kila mwaka anasuka nywele, posa haiji.
Na labda huko mchangani yupo mtu, kanzu nyeupe, chai ya maziwa,
ameweka karatasi mbili, anamuuliza mkewe:
Mtwara, au Lindi?
Na mkewe anauliza tofauti.
Ningependa kusikia anajibiwa nini.
Nani atamwambia kwamba upepo wa Lindi hupiga hodi,
na wa Mtwara huruka ukuta?

"Abudhabi," nikasema.
Kwa nini? Basi tu. Dubai shoga zangu wote wamekwenda,
wamerudi na mapazia.
Akanyamaza. Akaikunja karatasi ya Abudhabi
mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama hirizi.
Hapo nikajua: hakuwa ameniuliza.
Alitaka kuitikiwa.
Tukalala mgongo kwa mgongo, yeye Dubai, mimi Abudhabi,
katikati jangwa la shuka.

Alfajiri hakwenda Chuno. Alipigia uani, kwa hasira;
mpira ukagonga pipa, ukapaa, ukapotelea upande wa banda.
Aliutafuta mpaka saa ya kazi ikampita.

Mchana nimeingia kuokota mayai:
mtetea mwekundu ameulalia,
kauchanganya na yake saba, kajivimbisha manyoya,
kanidonoa mkono.
Nimemwachia. Dadi sijamwambia.
Mayai huanguliwa siku ya ishirini na moja.
Malipo ya pili nayo, wiki tatu.