Huko Juu

Mama mkwe wangu, Argiro, ana kisu kimoja
kilicholiwa na jiwe la kunolea
mpaka kimekuwa chembamba kama jani la kitunguu.
Mvua za kwanza zikinyesha na Krete ikirudi kuwa kijani,
hujifunga kitambaa, huchukua mfuko wa duka la dawa,
huyoo, ametoka.
Ukimuuliza mboga anachuma wapi,
husema, "Huko juu,"
na mkono wake huonyesha pande zote nne.

Mimi ni mtu wa tuta na kamba iliyonyooka.
Nimezaliwa mjini, ghorofa ya nne;
udongo nimeujua ukubwani, kama wengine wanavyoijua dini,
na kama wao, nilizidisha.
Mwaka wa kwanza nilipanda maboga kumi na mawili.
Kufikia Julai majirani walikuwa wanafunga milango wakiniona na kikapu.

Lakini ile nyanya ya kwanza
sikumpa mtu.
Niliila nikiwa nimesimama papo hapo, ina joto la jua bado,
maji yake yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko,
kisha nikaingia ndani
nikamwambia mume wangu hazijaiva.

Oktoba, konokono walishukia saladi yangu.
Usiku mmoja tu. Asubuhi majani yalikuwa neti.
Nililia, si uongo.
Argiro alikuja na tochi na ndoo, hakusema pole.
Aliwaokota mmoja mmoja, akawafungia siku tatu na unga,
akawakaanga kifudifudi kwa chumvi,
akamwagia siki na tawi la rozmari.
"Kula," alisema. "Saladi yako imo humo."
Ilikuwemo.

Ila mboga zake za porini zilinishinda.
Ile ya miiba, chungu, ndugu wa mchunga,
aliyoichemsha kidogo, akaikamulia limau,
akaitia mafuta ya zeituni bila kupima:
uchungu ulitangulia, kisha utamu ukafuata nyuma
kama mgeni anayejikwaa kizingitini.
Tuta langu halijapata kuzaa kitu chenye ubishi kama ule.
Nilinunua mbegu. Zikaota laini, zenye adabu.
Hazikuwa na ladha.

Basi nikamfuata.
Januari, manyunyu, nimejiinamia ndani ya gari kama mwizi.
Hakupanda mlima. Alipita kanisa, akapita kituo cha mafuta,
akazunguka nyuma ya uwanja wa mpira wa shule,
na pale, nyuma ya goli,
kwenye kipande ambacho mashine ya kukata nyasi haifiki,
akapiga magoti.
Watoto wanapiga kelele, mpira unapita juu ya kitambaa chake,
yeye anakata kila shina chini kabisa, penye shingo,
ili majani yasiachane,
na mzizi ubaki na kazi yake.

Niliwahi kurudi. Nilikuwa namenya vitunguu alipoingia.
"Huko juu kuna baridi?"
"We acha."
Goti lake lilikuwa na alama nyeupe ya chokaa.
Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini;
sisi tulichumia manyunyuni, tukalia jikoni,
madirisha yamejaa mvuke,
na mkate wa shayiri mkavu ukilainika taratibu ndani ya sahani.

Mwaka huu magoti yamemkatalia.
Jumanne aliweka kisu mezani, mbele yangu, na ule mfuko.
Manusos wa jirani alikuwepo, anakunywa kahawa, masikio yamesimama.
"Nenda wewe," alisema Argiro.
Nikauliza, kwa uso mkavu, "Wapi?"
"Huko juu."
Akanisindikiza mpaka mlangoni, akashusha sauti.
"Mpira ukikujia, usiupige, utawapa sababu ya kukuita.
Na siku nyingine
usiegeshe gari karibu vile."